Barua kutoka Missouri: Kura ya Mfuko na Kura ya Mtu



Kila Marekani inapofanya uchaguzi, swali linaloulizwa sana huko nyumbani ni hili: watu wanaolia na kodi ya nyumba, bei ya vyakula na bili za hospitali, mbona wanapiga kura kana kwamba shida hizo hazipo? Wengi, hata hapa, hujibu kwamba wamelewa ushabiki wa vyama. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni jimbo hili la Missouri. Novemba 2024 Donald Trump alipata hapa takriban asilimia 58 ya kura. Siku hiyohiyo takriban asilimia 58 ya wapigakura walikubali kima cha chini cha mshahara kipande hadi dola 15 kwa saa, na wafanyakazi wapate likizo ya ugonjwa yenye malipo, mambo ambayo kwa miaka mingi yamekuwa ajenda ya chama cha Democrat. Haikuwa sadfa. Mwaka 2018 walimng'oa seneta wa Democrat, Claire McCaskill, na papo hapo wakapitisha nyongeza ya mshahara. Agosti 2020 walipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Miezi mitatu baadaye jimbo likaenda kwa Trump.

Kwa hiyo ukiwauliza watu hawa juu ya mfuko wao, wanajibu juu ya mfuko wao, tena bila kujali chama. Wanapoulizwa wamchague nani ndipo jibu linapobadilika, na naamini kilichowafikisha hapo ni mkwamo wa Washington. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Katika Seneti, sheria nyingi zinahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na tangu mwanzoni mwa 2010 hakuna chama kilichofikisha idadi hiyo. Wamepita Obama, Trump, Biden, akarudi Trump, na kima hicho hakijaongezeka hata senti moja. Mtu aliyeyaona hayo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano hatarajii tena kwamba mbunge atamwongezea kipato. Kura ya mtu anaipeleka kwenye yale anayoona bado inaweza kuyafanya: kutetea imani yake, kulinda bunduki yake, kumzuia yule anayemwogopa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Mwaka 2021, kwa njia maalumu ya kibajeti isiyohitaji kura 60, chama cha Democrat kiliipandisha, na kuanzia Julai hadi Desemba familia nyingi zikalipwa kila mwezi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa mwenye miaka sita au zaidi. Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka huo. Kisha muda wa sheria ukaisha. Maseneta wa Republican walikuwa 50, hawakuitaka. Joe Manchin wa Democrat naye akakataa, na hapo ikafa. Mwaka 2022 umaskini huo ukapanda hadi asilimia 12.4, na mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni. Jiwekeni katika nafasi ya mzazi aliyekosa fedha hizo Januari huku bei zikipanda. Amwadhibu nani? Chama kilichozileta ndicho kilichokuwa madarakani zilipokatika. Sioni ujinga kwa mzazi huyo. Mfumo wenyewe umemficha mhusika.

Kuna watakaosema kwamba uchumi uliamua uchaguzi wa 2024, hivyo mfuko bado unaongea hata katika kura ya mtu. Ni kweli, unaongea, lakini kwa neno moja tu: ondoka. Kati ya chaguzi kuu na za katikati ya muhula zilizofanyika tangu 2006 hadi 2024, ni ule wa 2012 pekee ambao haukuhamisha Ikulu wala mojawapo ya mabaraza mawili ya Congress kutoka chama kimoja kwenda kingine. Wapigakura wanaofukuza hivyo kwa zamu hawajaridhika na yeyote. Wengine watatetea mkwamo kwa hoja kwamba waasisi wa taifa hili walitaka sheria zisipitishwe kwa pupa. Walitaka hivyo, na ndiyo maana wakaweka mabaraza mawili na kura ya turufu ya rais. Sharti la kura 60 halimo katika Katiba; ni kanuni ya Seneti yenyewe, iliyofikia kiwango hicho mwaka 1975.

Wala madhara hayaishii huku. Septemba 30, 2025 Congress iliacha mpango wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu nchi nyingi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, ufike ukomo, huku washonaji wa nguo katika viwanda vya Athi River, Kenya, wakitegemea soko hilo. Kesho yake serikali kuu ilifungwa kwa kukosa bajeti, ikakaa hivyo siku 43.

Hapa Missouri, kilichofuata baada ya kura ile ya 2024 kinanitia uchungu. Mwaka 2025 bunge la jimbo, lenye Republican wengi, lilifuta likizo ya ugonjwa ambayo wananchi walikuwa wameipitisha. Liliweza kwa sababu ile ilikuwa sheria ya kawaida. Medicaid ilinusurika kwa kuwa iliingizwa katika katiba ya jimbo. Septemba mwaka huohuo bunge hilo likapitisha pendekezo kwamba marekebisho ya katiba yanayoanzishwa na wananchi yahitaji wingi wa kura katika kila eneo la uwakilishi wa Congress, na yako manane. Kwa sharti hilo, Medicaid ya 2020, iliyopita kwa asilimia 53 tu na kwa nguvu ya kura za mijini, isingepita. Pendekezo lenyewe lazima liidhinishwe na wapigakura, na hao ndio walewale walioipitisha Medicaid.