Kutu Nayo ni Maandishi

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaipachika katika insha zangu nyingi bila kuitia moyoni. Nilipotimiza umri wa miaka ishirini na saba ndipo nilipoielewa. Safari hiyo mjukuu alikuwa mimi mwenyewe, na majuto yaliletwa na kipande cha karatasi ya msasa.

Nyumbani kwa nyanya, katika Mji wa Kale wa Mombasa, upo upanga mmoja ambao tangu utoto wangu umekuwa ukining'inia ukumbini. Ni upanga mnyoofu wenye makali pande zote mbili na ncha ya mviringo. Kipini chake kimezungushiwa ngozi iliyogeuka nyeusi kwa jasho la viganja vya watu, na hakina kikingio cha mkono. Marehemu babu aliurithi kwa babake, ambaye hakuacha habari ya mahali alikoupata. Sisi watoto tulijua jambo moja tu: kila palipokuwa na arusi mtaani, mtu alibisha hodi, akauazima. Bwana arusi akavaa joho na kilemba, akaushika upanga wa babu, akaenda kuoa. Kesho yake au keshokutwa upanga ukarudi msumarini pake.

Nilipojiunga na shahada ya uzamili, karo ilinishinda. Mjomba wangu, aliyekuwa akinisaidia kwa hali na mali, alikutana na mnunuzi wa vitu vya kale aliyesema kuwa angependa kuuona upanga ule. Nyanya hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Nyinyi ndio wenye macho. Tazameni." Nami, kwa kudhani kuwa kitu safi hupata bei nzuri, niliushusha upanga usiku wa kuamkia siku hiyo, nikausugua kwa ndimu na jivu, kisha kwa msasa. Karibu na kipini palikuwa na michoro hafifu iliyofunikwa na kutu. Niliidhania kuwa mikwaruzo. Nikasugua hadi pakameta kama kijiko kipya.

Mnunuzi alifika asubuhi. Aliuchomoa upanga alani, akaupitisha kidole bapani, akatoa lenzi mfukoni na kupatazama palepale nilipopasugua. "Hapa palikuwa na nini?" akauliza. Sikuwa na jibu. Akatikisa kichwa, akasema, "Kijana, umekifuta cheti chake cha kuzaliwa." Bei aliyokuwa amemtajia mjomba ikapungua kwa nusu. Mjomba akaomba wapewe muda wa kushauriana.

Aibu ndiyo iliyonipeleka maktabani. Nilitaka kujua ni nini hasa nilichokiharibu. Huko nilikikuta kitabu cha Mmarekani George Cameron Stone kilichochapishwa mwaka 1934, ambacho kwa hakika ni kamusi ya silaha: majina yamepangwa kwa alfabeti, na kila jina lina maelezo, na aghalabu picha. Mimi mwanafunzi wa fasihi nilijiona niko nyumbani. Nilitambua kuwa wajuzi wa silaha za kale hufanya kazi ile ile tuifanyayo sisi. Wao husoma. Matini yao ni chuma, ngozi, pembe na mbao.

Msomaji wa aina hiyo huanza na umbo, akaja kwenye maunzi, akamalizia na alama. Hukisia umri mwishoni, baada ya kuyaona yote hayo. Kule Indonesia, kwa mfano, jambia liitwalo keris linapokuwa na kengee yenye mapindo kama nyoka, mapindo hayo huhesabiwa, na kwa desturi idadi yake huwa witiri. Zipo panga za Uajemi na India zilizofuliwa kwa chuma cha pua kilichoyeyushwa katika kalibu, chenye mawimbi kama ya maji juu ya bapa. Ukilisugua bapa hilo ovyo, mawimbi hutoweka machoni. Huko Japani mhunzi aghalabu huchonga jina lake katika sehemu ya chuma inayofichika ndani ya kipini. Kutu ya sehemu hiyo haiguswi katu, maana rangi yake humsaidia mjuzi kukisia umri wa upanga. Niliposoma hayo nilikifunga kitabu kwa muda. Kumbe kutu nayo ni maandishi, nami nilikuwa nimeyafuta kwa msasa.

Upanga wa nyanya, kwa umbo lake, ni wa jamii ya panga za Oman. Bapa lake ni pana na jembamba, hunesa ukiutikisa, na ndivyo Waomani wafanyavyo katika ngoma yao ya razha: huzitetemesha panga mkononi na kuzirusha juu. Wakusanyaji wa Ulaya wamezoea kuuita upanga wa namna hii kattara, ilhali Waomani wenyewe husema sayf, yaani upanga tu. Kamusini mwetu, kitara ni upanga uliopinda. Jirani zetu Waganda husema ekitala, na kwao ni upanga wowote. Neno moja, au maneno yanayofanana mno, limesafiri likibadilisha umbo la kitu linachokitaja. Je, mtunzi wa utendi alipotaja kitara, tunajuaje kuwa aliuona upanga wa aina gani mawazoni mwake?

Swali hilo lilinichoma kwa sababu tasnifu yangu ilihusu tendi za vita, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 kutoka Pate. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeorodhesha kitara, jambia, sime, fumo, sagai, deraya na podo, kisha nikaandika kwa wepesi kuwa "haya yote ni majina ya silaha." Msimamizi wangu alikuwa amepigia mstari sentensi hiyo na kuniuliza pembeni, "Umewahi kukishika kimojawapo?" Wakati ule niliona kuwa ananionea. Deraya ni vazi la kumkinga mpiganaji, nayo podo ni chombo cha kutilia mishale; hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachomjeruhi mtu. Fumo ni mkuki wenye kengee pana, na papo hapo ni jina la heshima la mtawala. Fumo Liyongo, kwa mujibu wa masimulizi, hakuuawa kwa "silaha" tu. Aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Iondoe sindano ile uweke neno la jumla, na kisa chote kinakufa. Nilivyoufanyia upanga wa babu usiku mmoja, nilikuwa nimeyafanyia maneno ya mababu kwa muda wa mwaka mzima.

Basi nilirudi kwa nyanya na lenzi ya kuazima. Karibu na kipini ilibaki mistari minne mifupi tu. Huenda ilikuwa miguu ya mbwamwitu. Wahunzi wa Passau na Solingen, huko Ujerumani, walizoea kuchora mbwamwitu anayekimbia juu ya panga zao, na kengee nyingi za Ulaya ziliuzwa katika nchi za Waarabu na Afrika, zikatiwa vipini na ala za wenyeji. Huenda pia ilikuwa kazi ya mhunzi mwingine aliyeiga alama hiyo, maana iliigwa sana. Mistari minne haitoshi kuamua. Jibu lilikuwapo miaka yote ya uhai wangu, nami niliondoka nalo katika vumbi la msasa.

Mjomba aliposikia kuwa pengine chuma kilitoka Ujerumani alivunjika moyo. "Kumbe si wetu!" akasema. Nilimjibu kwa mfano ulio karibu. Neno shule tumelipata kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu. Nani athubutuye kusema kuwa mtoto aketiye mezani shuleni akisoma kitabu hazungumzi Kiswahili? Vivyo hivyo, sime nyingi za karne ya ishirini hapa Kenya zilifuliwa kutokana na tupa zilizochakaa na springi za magari. Huo si ughushi. Ughushi ni kukichukua chuma cha jana, kukimwagia asidi na kukifukia ardhini ili kiote kutu, kisha kumwambia mgeni kuwa ni cha karne nyingi. Kitu halisi chaweza kuwa kimeunganishwa kwa vipande vya nchi tatu. Muhimu ni kwamba historia yake isemwe kama ilivyokuwa.

Ni wajibu pia wenzangu wajue kuwa jambo hili lina sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kiliingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Pale Fort Jesus, ambayo ni makavazi, nilisimama mbele ya vitu vilivyoopolewa katika jahazi la Kireno, Santo António de Tanna, lililozama mwaka 1697 wakati ngome ile ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi waliolichimbua kati ya 1977 na 1980 walirekodi mahali kitu kilipolala. Kipande cha chuma ambacho mahali pake panajulikana chaweza kumfundisha mtafiti mengi kuliko upanga wa dhahabu usio na habari.

Maneno hayo nilimfikishia nyanya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa, mjukuu wangu, wataka kujua ulikotoka upanga, au wataka kujua ulikokwenda?" Nikamwambia yote mawili. "La kwanza sina," akasema. "La pili lete kalamu." Akaanza kuwataja mabwana arusi, mmoja baada ya mwingine: mwana wa fulani, aliyeoa mwaka wa mvua kubwa, fulani bin fulani, aliyeudondosha mlangoni watu wakacheka. Tuliketi hadi adhana ya alasiri. Nilijaza kurasa nne za daftari. Walikuwa thelathini na mmoja, na wa tano alikuwa babu yangu.

Mnunuzi aliporejea, mjomba ndiye aliyemweleza kuwa upanga hauuzwi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliahirisha masomo kwa mwaka mmoja, nikafundisha katika shule ya upili ili nipate karo. Sitasema kuwa mwaka ule ulikuwa mwepesi, wala kuwa sikuutazama upanga ule kwa jicho la tamaa kila ada ilipotajwa. Lakini niliporudi chuoni niliiandika upya sura nzima ya tasnifu, na kila silaha nikaiacha na jina lake.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa jirani alibisha hodi. Nyanya aliniita niushushe upanga. Niliufuta vumbi kwa kitambaa, nikaupaka mafuta kidogo, na ile mistari minne sikuigusa. Kisha nikalifungua daftari na kuliandika jina lake. Ni la thelathini na mbili.