Mlango wa Chumba cha Mchezo

Nilizaliwa Itumbe, Gusii, mwaka wa uhuru wa Kenya, kwenye vilima ambavyo leo ni majani ya chai matupu. Utotoni sikuwa na mwanasesere. Nilibebeshwa mtoto halisi. Kwetu Gusii anayelea mdogo wake huitwa omoreri, na kazi hiyo niliifanya hadi ndugu yangu aliponishinda uzito. Mama akirudi kutoka shambani alimnyonyesha na kumnyamazisha. Kumtekenya, kumchekesha, kumwigia sauti za ndege kulikuwa juu yangu. Shule, chuo cha ualimu na ndoa vilifuata kama vinavyowafuata wengine, sina haja ya kuvisimulia. Nilistaafu 2023, nikiwa na miaka sitini, na nimeandika haya kwa ajili ya ubishi mmoja tu.

Nilianza kama mwalimu wa darasa la kawaida. Vituo vya tathmini ya watoto wenye ulemavu vilikuwa vimeanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye serikali ikafungua KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu, huko Kasarani, Nairobi. Nilikwenda kusoma huko mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndipo nikakutana na mkufunzi wangu, mama mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Mkononi alikuwa na kitabu cha Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika juu ya tiba kwa njia ya mchezo mwaka 1947. Jalada lake lilishikiliwa na selotepu.

Axline aliweka kanuni nane, na mkufunzi wangu alitufundisha kwa kutukalisha chini tusifanye lolote. Mtoto hutangulia, wewe hufuata. Usimharakishe. Usimsifu, maana ukimsifu atacheza ili akupendeze wewe. Akimwaga maji sakafuni, sema, "Umeyamwaga yote," kisha nyamaza. Mwalimu wa Kenya kunyamaza! Wenzangu walicheka. Mimi nilijaribu, na hadi leo sijaona mbinu iliyo ngumu kuliko hiyo.

Tulitofautiana kuhusu mlango. Yeye alitaka ufungwe: mtaalamu na mtoto, basi, kwa kuwa chumba ni mahali pa siri ya mtoto. Nikamuuliza, "Na dada yake, Madam?"

"Dada gani?"

"Aliyemleta."

Akanitazama kama niliyeuliza bei ya sukari. Nikamwambia kwetu mtoto hajifunzi kucheza na mtu mzima. Hucheza na mwenzake. Akajibu kwamba nisichanganye tiba na malezi ya kijijini.

Baadaye nilisoma kwamba Robert na Barbara LeVine walifika Gusii katika miaka ya hamsini wakachunguza jinsi tunavyolea, katika kijiji walichokiita Nyansongo. Watafiti hao wa Marekani waliona nilichokijua mgongoni mwangu: mama Mgusii humtuliza mtoto, lakini mtoto hupata gumzo na mchezo kwa watoto wenzake. Axline naye aliandika pia juu ya watoto wanaocheza kwa kundi. Kwa hiyo sikuwa nimekufuru.

Niliporudi nyumbani nilipewa chumba cha mchezo shuleni, kilichokuwa stoo ya majembe. Nilikusanya mchanga kwenye beseni, magunzi, vifuniko vya soda, mipira ya migomba na mayai ya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, yaliyosuguliwa yakang'aa. Hayo mayai yaliwafaa watoto wenye mtindio wa ubongo kuliko vidude vya plastiki, kwa sababu uzito wake uliutuliza mkono unaotetemeka. Mkubwa mmoja wa shule, simtaji, aliletewa vifaa vya kuchezea vizuri na wafadhili, akavifungia kabatini visiharibike kabla wakaguzi hawajaja. Alikuwa akiniuliza, "Madam, wazazi wanalipa watoto waje kucheza?" Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, tukaletewa watoto ambao majirani hawakujua hata kama wapo, swali hilo likamwishia mdomoni.

Kati yao alikuwemo mvulana mwenye usonji. Alipanga vifuniko kwenye mstari kutoka ukutani hadi mlangoni. Ukigusa kimoja, alipiga kichwa sakafuni. Nilimfuata kama nilivyofunzwa, muhula mzima, naye alinihesabu kama dawati. Siku moja nikamwita dada yake aingie. Binti hakusema neno. Alikaa mwisho wa mstari, akashika kifuniko, akangoja. Mvulana akaweka chake. Binti akaweka chake. Wakaendelea hivyo, zamu kwa zamu, mpaka mstari ukapinda kona. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, kanuni nane zote kichwani.

Nimtendee haki mkufunzi wangu, ambaye sasa ni marehemu. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi na mapigano ya mpaka wa Borabu na Sotik, tulipokea watoto waliokimbia makwao. Msichana mmoja alijenga nyumba za magunzi, akazibomoa kwa teke, akazijenga tena. Kwake niliufunga mlango. Hakutaka kuonwa na mtu, hata mimi alinigeuzia mgongo. Hapo Madam alikuwa sahihi, na ningemwambia hivyo kama angekuwa hai. Mtoto aliyeona ya kutisha anahitaji faragha, lakini yule asiyejua kuingia katika mchezo wa wenzake, faragha ndiyo ugonjwa wake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siipuuzi: dada naye ni mwanafunzi, na omoreri wengi waliikosa shule. Ndiyo maana vipindi vyangu vilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakati wa michezo. Sikumtoa mtoto yeyote katika hesabu.

Mwaka jana nilipita pale chumbani. Mlangoni pana kibao kinachotaka kimya, ndani pana kompyuta kibao na kijana mwenye shahada, mpole, anayejua maneno mengi kuliko mimi. Nje, kwenye benchi, msichana amekaa na mkoba wa mdogo wake. Nikamuuliza kijana kwa nini msichana hajaitwa ndani. "Madam, ndivyo utaalamu unavyotaka."

Utaalamu upi, mwanangu? Wewe unakaa na mtoto huyo nusu saa kwa wiki. Jioni anakwenda nyumbani na nani? Nani anajua wimbo unaomtuliza, na sauti inayomtisha? Umesoma Axline vizuri. Sasa soma na nyumba aliyotoka mtoto. Muulize huyo msichana mdogo wake anapenda nini, kisha mpe nafasi kwenye mkeka. Ukiona mdogo mtu anajikunja, mtoe dada kwa upole na ufunge mlango. Lakini anza na mlango wazi.