Filta Niliyoiua Ikiwa Nzima

Kosa hili nililifanya kwa mikono yangu, mchana kweupe, na ujira nikapokea. Gari lilikuwa Mazda CX-5 ya dizeli, mtumba wa Japani, la mama mmoja anayeishi Tegeta na kufanya kazi mjini. Lilikuja taa ya injini ikiwaka, nguvu hakuna. Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa P2463.

Fundi wa dizeli akiiona namba hiyo anajua inamaanisha nini: masizi yamezidi kwenye filta ya ekzosi. Filta yenyewe ni kauri yenye vitundu vingi, sisi tunaiita masega. Moshi hulazimishwa kupenya kuta zake, masizi yakabaki ndani. Yakikaribia kujaa, kompyuta huongeza dizeli ili joto la ekzosi lifike nyuzi 600 hivi, masizi yaungue. Majivu ya oili hayaungui, hayo hubaki. Gari la foleni za kila siku hupata shida kumaliza kuchoma, na mama huyu foleni ndiyo maisha yake. Kwangu kesi ikaishia hapo.

Niliamuru uchomaji kupitia mashine. Joto likapanda vizuri, lakini shinikizo la filta halikushuka hata kidogo. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza kulikoni. Mimi nikasema ni majivu, filta imekufa.

"Fundi, una uhakika?"

"Mama, mashine haidanganyi."

Jibu hilo linaniuma kuliko kazi yenyewe, kwa sababu nilikuwa najua jinsi mfumo unavyofanya kazi. Kompyuta haina jicho ndani ya ekzosi. Inategemea sensa ndogo ya shinikizo yenye mipira miwili, mmoja umetoka mbele ya filta na mwingine nyuma yake. Tofauti ikiwa kubwa, inaamua filta imeziba. Sensa ikiharibika, kompyuta itarudia uongo wake kwa uaminifu wote, na mashine yangu itausoma vilevile.

Dalili nyingine nilikuwa nayo mkononi. Nilichomoa kijiti nikakuta oili imepita alama ya juu, tena inanuka dizeli. Gari linaloanza kuchoma masizi mara kwa mara hufanya hivyo: dizeli ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda hadi chini kwenye oili. Nikajisemea aliyemwaga oili mara ya mwisho alizidisha. Ni rahisi sana kumsingizia fundi aliyetangulia.

Nikashusha filta, nikapasua ganda kwa grenda, nikang'oa masega kwa patasi na nyundo, kisha nikachomelea ganda tupu na kulirudisha. Masega yana platini, na wapo wanunuzi wanaozunguka gereji kuyatafuta. Niliyauza. Mama hakuijua pesa hiyo.

Nilifuta namba, nikalijaribu gari hadi Bunju. Taa ikawaka. P2463 ileile. Bomba tupu, na kompyuta inalia limejaa masizi!

Hapo ndipo nilipowasha swichi bila kuwasha injini na kusoma sensa. Injini imezimwa, hakuna moshi unaopita popote, sensa inapaswa kusoma sifuri au karibu yake. Ilisoma kilopaskali 6. Kipimo hicho hakichukui hata dakika moja, wala hakifungui boliti yoyote.

Nilibadilisha sensa, kisha nikamtafuta kijana wa programu aifanye kompyuta isahau kwamba gari liliwahi kuwa na filta. Mama nikamwambia tumemaliza. Ukweli nilimpigia simu kumweleza baadaye sana. Aliuliza kitu kimoja tu: inarudishika? Ile hairudishiki. Namtafutia nyingine kwa gharama yangu.

Sisi mafundi tuna kisingizio chetu, kwamba dizeli ya huku ni chafu na filta hizi hazituhusu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na kwa kiwango hicho filta inafanya kazi. Na moshi inaouchuja si mzaha: Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuingiza moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Gari la mama lilikuwa linauzuia. Sasa linawatemea walio nyuma yake kwenye foleni.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, ukiambiwa filta imekufa, mwombe fundi awashe swichi, aache injini imezimwa, akuonyeshe sensa inasoma ngapi. Ikiwa mbali na sifuri, usikubali gari lako likatwe.