Lasagna ya nyama na mboga, bila kumficha mtoto mchicha

Majibu ya damu yalisoma hemoglobini gramu 10.8 kwa desilita. Kwa mtoto wa miaka 6, chini ya 11.5 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Kliniki ikampa dawa ya madini ya chuma, na mama akaambiwa aangalie pia chakula cha nyumbani. Hapo ndipo penye kazi, maana mtoto huyu huchambua mboga kama mtu anayechambua mchele: kila jani la mchicha huliweka pembeni mwa sahani.

Majirani walimshauri asage mboga zote, azichanganye kwenye nyama, mtoto asijue. Mama alikataa. Akigundua siku moja, alisema, atakagua hata maharage. Na alikuwa na hoja, kwa sababu mtoto asiyeuona mchicha hajifunzi kuula. Wataalamu wa lishe husema mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 10 au zaidi kabla hajakikubali.

Akachagua lasagna, ambayo mtoto aliionja kwenye sherehe ya binamu yake akaipenda. Ni chakula cha Kiitaliano, na kule Bologna tambi zake hukandwa na spinachi mpaka zikawa za kijani. Mchicha, basi, si mgeni humo.

Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga aliikaanga na kitunguu na kitunguu saumu mpaka maji yakakauka. Akatia karoti 2 zilizokwaruzwa, hoho 1 iliyokatwakatwa na nyanya 6 zilizoiva, akaacha kwenye moto mdogo kwa dakika 40 hivi hadi rojo likawa zito. Fungu la mchicha alilichemsha dakika 1 tu, akalikamua kwa nguvu. Mchicha wenye maji huifanya lasagna iogelee, na hakuna mtoto atakayeisogelea.

Mchuzi mweupe ulikuwa wa siagi vijiko vikubwa 4, unga wa ngano vijiko 4 na maziwa robo tatu lita, akikoroga bila kuacha. Wengi huumwaga kwa wingi, kisha jibini juu yake. Kwa mtoto mwenye damu pungufu, hilo si jema: kalsiamu ya maziwa hupunguza kiasi cha chuma ambacho mwili hufyonza, na jibini huja na chumvi yake. Mama aliweka tabaka jembamba, na jibini juu tu. Nyama aliijaza. Chuma cha mchicha peke yake mwili hukipata kidogo, lakini nyama, pamoja na vitamini C ya nyanya na hoho, husaidia kipatikane zaidi. Chai ilisubiri saa nzima baada ya kula, ingawa bibi alinung'unika.

Kupanga matabaka alimwachia mtoto.

“Mama, hii ya kijani naweka mimi,” alisema, akayatandaza majani mwenyewe juu ya nyama.

Oveni hawana. Sufuria pana iliwekwa juu ya makaa machache, mengine mengi juu ya mfuniko, uani, kwani jiko la makaa halifai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Baada ya dakika 45 juu palikuwa na rangi ya dhahabu. Ikapumzishwa dakika 15, vinginevyo haikatiki.

Sahani ya kwanza, majani matatu yalitolewa pembeni. Mengine yaliliwa, na hakuna aliyempigia makofi wala kumsemesha.

Iliyobaki iliingia kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, na kesho yake ikapashwa moto mpaka katikati ikatoa mvuke. Dawa ya chuma anaendelea kupewa kila siku, kama kliniki ilivyoagiza, hadi kipimo kirudiwe.