Kwenye meli iliyozama, usirudi na kitu mfukoni

Jumapili jioni sisi wa Upanga huwa tunakwenda kupunga upepo Daraja la Tanzanite. Watu wazima wanapiga picha, watoto wanahesabu meli zilizotia nanga mbali zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Siku moja kijana wangu wa miaka 12 aliniuliza, "Mama, hakuna hata moja iliyozama tukaenda kuiona?" Mvua zilikuwa zimenyesha, na chini yetu Mto Msimbazi ulikuwa unamwaga tope baharini. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamjibu kwamba ipo, ila si hapa, na si msimu huu.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Hapa Dar ukisema unataka kuzamia, jirani anaelewa kwamba unatoroka na meli kwenda ughaibuni bila tiketi. Ninayoizungumzia ni kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni na mapezi miguuni.

Meli niliyomwahidi inaitwa Great Northern. Iliundwa mwaka 1870, na kazi yake ilikuwa kulaza nyaya za simu ya maandishi chini ya bahari. Mkesha wa Mwaka Mpya wa 1902 ilikwama kwenye mwamba nje kidogo ya mji wa Unguja, na haikutoka tena. Imelala kwenye kina kisichozidi mita 12 hivi, kwa hiyo hata anayejifunza anaweza kuifikia. Jirani yake, manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, iko chini zaidi, karibu mita 40. Hiyo waachieni wazoefu.

Tulisubiri kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni bahari huwa imetulia na maji huwa maangavu. Masika yakianza, mito inaleta tope, na kusi likivuma mawimbi yanatibua mchanga. Jambo jingine ambalo wavuvi wote wanalijua ni mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa mkali na macho hayaoni mbali. Siku za maji mafu bahari inakuwa pole. Mzazi anayepanga safari aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi ya boti.

Tulivuka asubuhi, safari ya saa mbili hivi kutoka Dar. Siku hiyo mwanangu alifundishwa kwenye maji ya kina kifupi: kupumua kwa mdomo, kubana pua na kupuliza taratibu masikio yanapoziba, na kutobana pumzi hata siku moja wakati wa kupanda juu. Kesho yake ndipo tukaenda kwenye meli. Mdogo wake wa miaka tisa alibaki juu ya maji na miwani na mrija, akichungulia. Alinuna kidogo, akasahau alipoona samaki wa kwanza.

Mimi nilishuka pamoja na kaka. Mwanzoni sikuona meli, niliona bustani. Matumbawe yamefunika chuma, na changu wanapita makundi kwa makundi kama watu wa Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Ukitulia ndipo unaanza kutambua: hapa palikuwa ubavu wa meli, na hizi ni mbao za sitaha. Sehemu nyingine zimeporomoka. Meli hii inakufa, ila inakufa polepole, na wakati inakufa imewapa wengine nyumba.

Tuliporudi kwenye boti, kijana wangu akafungua kiganja kwa furaha. Alikuwa na kipande cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, chenye ganda jeupe upande mmoja. "Nimekibandua mwenyewe. Nitawaonyesha shuleni." Nakiri, sikuona ubaya. Nilishaanza kuwaza pa kukiweka sebuleni.

Kijana wa Kizanzibari aliyetuongoza hakugomba. Alikichukua, akakigeuza, akamwonyesha upande uliobanduka, bado mweusi. "Mwanangu, hili ganda ni nguo ya meli," alisema. Akaeleza kwamba chuma kinaliwa na chumvi na hewa iliyomo majini. Matumbawe na viumbe wengine wakishajenga juu yake, hewa haifiki kirahisi na kutu inapungua kasi. Ukibandua, au nanga ikikwaruza, au mtu akipiga teke kwa mapezi, chuma kinabaki uchi na kutu inaanza upya. "Wewe umechukua kidogo. Na wageni wengine wote nao wachukue kidogo?"

Mwanangu alilia. Mimi nilinyamaza, maana aibu ile ilikuwa yangu zaidi kuliko yake. Kipande kilirudishwa chini siku hiyo hiyo, ingawa ganda halirudi kwa siku moja.

Jioni nilimsimulia habari za Königsberg yenyewe. Mwaka 1914 ilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, ikaondoka siku chache kabla ya vita. Baada ya kuizamisha Pegasus ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na Julai 1915 ikamalizwa hukohuko. Miaka ya 1960 mabaki yake yalikatwakatwa yakauzwa chuma chakavu, na yaliyobaki yakamezwa na tope. Leo mtoto wa Upanga anayetaka kuigusa historia ile anaweza kwenda Fort Jesus, Mombasa, kuona mzinga wake. Meli nzima hakuna.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu kuwa urithi vitu vilivyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi, na unataka kwanza viachwe vilipo. Great Northern imeshavuka umri huo. Hakuna askari anayelala kule chini kuilinda. Inalindwa na adabu ya wanaoshuka, na adabu hufundishwa nyumbani.

Mzazi mwenzangu, ukipanga kwenda, zingatia haya. Mashirika makubwa ya mafunzo huanza na mtoto wa miaka 10, na anayejaribu mara ya kwanza hazidi mita 12. Mwenye pumu amwone daktari kwanza, na mwenye mafua asishuke. Kama mtarudi kwa ndege, pumzikeni walau saa 18 baada ya kuzamia. Uliza kama boti inafungwa kwenye boya au inatupa nanga juu ya matumbawe. Bajeti ikibana, anzeni na Bongoyo au Mbudya, hifadhi za bahari tangu 1975, kwa miwani na mrija tu.

Jumapili iliyopita tulirudi darajani. Binti yangu alimuuliza kaka yake alileta nini kutoka kwenye ile meli. Akajibu, "Sikuleta kitu. Kiko kule kule, na wewe ukikua utakikuta."