Umri ni wa Mola, sababu ni yetu



Mwezi uliopita nilikwenda Kabati, Kitui, kutoa taazia kwa jamaa zetu waliofiwa na mtoto wa miezi minane. Aliharisha siku tatu, akatutoka. Maji ya nyumba ile huchotwa kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka.

Baada ya dua, nyanya wa marehemu, aliyekwisha kupita miaka 80, akaniuliza: "Shehe, redioni wasema Mkenya huishi miaka sitini na kitu. Mimi nimeipita, mjukuu wangu hakufika hata mwaka. Hesabu hiyo ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba huo ni wastani. Mmoja akifa mchanga na mwingine akaishi miaka 80, wastani wao ni 40, ilhali hakuna aliyekufa na miaka 40. Kwa sensa ya 2019, Mkenya wa kiume hutarajiwa kuishi miaka 60.6 na wa kike 66.5. Japani ni takriban 84. Omani, waliko jamaa zetu wengi, mwaka 1970 ilikuwa kiasi cha 50. Leo imepita 75. Mola wao ni yule yule. Walichoongeza ni maji safi, chanjo na hospitali, yakapungua makaburi madogo.

Ndipo mama wa mtoto akainua uso. "Mwaka jana nilipokuwa na mimba, Shehe, nilikuuliza. Nesi ameniambia niyachemshe maji, nazo kuni ni haba. Ukanijibu nitawakali."

Ni kweli. Nilikuwa na haraka ya safari, nikamjibu neno moja. Nikamwomba radhi mbele ya watu.

Mtume (S.A.W.) alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Mimi nilimpa mama yule nusu ya mafunzo.

Mama zetu, ajali ya kila nafsi imeandikwa, nasi hatukuonyeshwa maandishi yake. Tulichoamrishwa ni kushika sababu. Maji yachemsheni. Chanjo zisikose. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari ya zahanati, na mumpeleke siku ile ile. Nanyi waume, kuni na nauli ni juu yenu.

Mola amjaalie mtoto yule awe shufaa kwa wazazi wake, na anisamehe mimi. Amin.