Mbuzi wa Baba na Matumbawe ya Pwani

Ukisikia El Nino unakumbuka nini? Mimi nakumbuka mbuzi. Mwishoni mwa 1997 nilikuwa mtoto Garissa. Mto Tana ulifurika, barabara zikakatika, kisha homa ya Bonde la Ufa ikafagia zizi la baba.

Juzi nilimweleza mzee kwamba El Nino hiyohiyo ilipasha joto maji ya pwani yetu, na mwaka 1998 matumbawe mengi yakafa. Tumbawe ni mnyama, nikamwambia, ingawa wengi hulidhani jiwe. Mwilini mwake huishi mwani mdogo mno unaomlisha. Maji yakizidi joto mwani humtoka, naye hupauka.

“Kumbe hufa njaa kama mfugo!” akasema.

Nikamsimulia wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi. Mwaka 2005 walitenga hekta 30 za bahari wasivue humo, uamuzi mchungu kwa mwenye watoto wa kulisha. Samaki walirudi. Miaka baadaye wakaanza kupandikiza vipande vya matumbawe hai.

Baba alinyamaza kitambo.

“Sisi tulianza upya na mbuzi wanne,” akasema. “Wao walibakiwa na wangapi?”